Nani Kakuumika?

"Nani kakuumika?"

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la mama, hata shikamoo yangu hajaiitikia. Nilikuwa nimeiegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikainama kuokota chaja iliyoangukia uvunguni, kanga ikaniponyoka begani. Basi mama, yuko zake Pangani, akaiona miduara minane ya zambarau imejipanga minne kwa minne pande mbili za uti wa mgongo wangu hapa Guangzhou. Asubuhi ile msichana ninayepanga naye chumba aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ananipiga. Mama hakuwa na haja ya swali hilo. Alama alizitambua, alichotaka kujua ni mkono wa nani.

"Wachina, mama."

"Wachina nao wanaumika?"

Bibi yangu mzaa mama alikuwa muumishi. Chombo chake kilikuwa pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha, ina tundu dogo juu. Alikuwa akichanja ngozi kwa wembe, anabandika mdomo mpana wa pembe pale alipochanja, ananyonya hewa kwa lile tundu, kisha analiziba kwa nta ya nyuki aliyokuwa ameihifadhi shavuni. Pembe inang'ang'ania mwilini kama kupe. Hiyo pembe ndiyo chuku. Na Kiswahili, kwa ujanja wake, kikalipa neno hilo hilo kazi ya pili: mtu akiongeza chumvi katika habari husemwa anapiga chuku. Maana hizo mbili zimenifuata mwaka mzima tangu nianze kutibiwa na Wachina, na makala hii ni jaribio la kuzitenganisha.

Kazi yangu ni mizigo. Nanunua, nakusanya, napakia kontena la kwenda Dar. Ukiwa mdogo katika biashara hii, kupakia maana yake ni kubeba mwenyewe, na Machi mwaka jana kiuno changu kilikataa. Niliinama juu ya boksi la vitasa vya milango nikashindwa kunyooka. Kijana mmoja wa Unguja anayesoma hapa akanipeleka hospitali ya tiba ya jadi ya Kichina, akawa mkalimani wangu. Nilitegemea chumba chenye moshi na mzee mwenye ndevu. Nilikuta jengo la ghorofa nyingi, foleni za namba, na mashine ya eksirei. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo, kabla ya yote alinituma nikapigwe picha. Mifupa ilipoonekana haina tatizo, ndipo akaanza kazi yake.

"Dada, anasema utoe ulimi."

Nikautoa. Akautazama kama mnunuzi anavyotazama kitambaa, akanikalisha karibu na dirisha autazame tena. Wao wana njia nne za kumsoma mgonjwa: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa (kwa Kichina ni neno moja), kuuliza, na kushika. Ulimi ni ramani. Ncha ni ya moyo, katikati ni ya tumbo na wengu, kingo ni za ini na nyongo, shina ni la figo. Wangu ulikuwa umevimba, una alama za meno kingoni na utando mweupe mzito. Kisha akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu. Mkono wa kushoto vidole vile vinasikiliza moyo, ini na figo, na wa kulia mapafu, wengu na moto wa figo. Vitabu vyao vinataja aina 28 za mapigo. Lipo linaloteleza kama lulu juu ya sahani, lipo lililokaza kama uzi wa ala ya muziki. La kuteleza linaweza kuwa ishara ya ujauzito, kwa hiyo akauliza, na kijana wa Unguja akaona haya kutafsiri. Tulitazamana wote watatu mpaka daktari akajipapasa tumbo kwa mviringo, nikaelewa, nikatikisa kichwa.

Hukumu ikatoka: baridi na unyevu vimeingia kiunoni, wengu ni dhaifu, chi ya figo, yaani nguvu yake ya uhai, imepungua. Nisikae chini ya kiyoyozi. Nisinywe maji ya barafu. Ninywe maji moto. Aliyeishi China atacheka, kwa sababu maji moto huku ni dawa ya mafua, ya tumbo, ya hedhi, na ya kuachwa na mchumba.

Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshayasikia. Bibi alitukataza maji ya barafu kwa maneno hayo hayo. Na maumivu ya viungo sisi tunayaitaje? Baridi yabisi. Tunalitamka jina hilo kila siku bila kulifungua. Yabisi ni kavu. Ni baridi iliyo kavu, na hapo ndani umelala utabibu mzima wa Wayunani uliopita kwa Waarabu ukashuka na majahazi hadi pwani yetu: mwili una joto na baridi, ubichi na ukavu, na ugonjwa ni mizani iliyoinama. Wachina nao wanasema maumivu ya viungo huletwa na upepo, baridi na unyevu. Kwetu kavu, kwao mbichi. Guangzhou ina majira ambayo kuta zinatoka jasho na nguo haikauki siku nne, kwa hiyo naelewa kwa nini mtu wa hapa anautilia unyevu shaka kabla ya kingine chochote. Mitaani kuna vibanda vya chai ya mitishamba, nyeusi, chungu kama shubiri, ya kushusha moto wa mwili. Mtu amekula vya kukaanga au lichi nyingi, kinywa kikatoka vidonda, anasema amepandisha moto, anakunywa bakuli moja akiwa wima, anaendelea na safari.

Msingi wenyewe si mgumu kama unavyouzwa. Maneno yini na yangi mwanzo wake ni pande mbili za kilima: upande wa kivuli na upande wa jua. Kilima ni kimoja, na jua likisogea, kivuli nacho kinahama. Yini ni baridi, utulivu, usiku, ndani. Yangi ni joto, mwendo, mchana, nje. Ugonjwa ni kimoja kumlemea mwenzake. Chi ni kile kinachofanya mwili uwe hai, kinapita katika njia 12 kuu, kikikwama panauma, kikipungua unachoka. Halafu kuna mambo matano: mti, moto, udongo, madini na maji, kila moja na kiungo chake, rangi yake, ladha yake, msimu wake, huzuni au hasira yake. Hapo ndipo ninapopunguza mwendo. Mimi ni mfanyabiashara, na hesabu ikikaa sawa mno bila senti kubaki, huwa nashika mkoba wangu.

Lakini ukitaka kuwaelewa, ujue kwanza kwamba ini la daktari wa Kichina si ini la buchani. Ni jina la kazi. Wengu katika sayansi ya hospitali ni kiungo kinachohusika na damu na kinga, wao wanasema ndio mpishi wa chakula na mkaushaji wa unyevu. Ukimwambia daktari wa kawaida wengu wako ni dhaifu atakupeleka ukapimwe, atakuta wengu mzima kabisa, mtabaki mnashangaana. Wao hasira wameiweka kwenye ini, hofu kwenye figo, huzuni kwenye mapafu, mawazo kwenye wengu. Sisi tusiwacheke. Maneno makali kwetu yanakata maini. Mambo yakiharibika yametumbukia nyongo. Nyongo ileile kwa Mchina ndiyo makao ya ujasiri, na mtu shujaa husemwa ana nyongo kubwa. Kila watu wameupanga mwili kwa lugha yao. Wachina walikwenda mbele zaidi tu, wakaifanya lugha hiyo kuwa daftari la hospitali.

Siku ya pili nililazwa kifudifudi. Sindano zao ni nyembamba karibu na unywele. Zilinishtua kwa mahali zilipokwenda, maana kiuno ndicho kinachouma na mama yule alinichoma nyuma ya goti. Kuna usemi wa zamani wa kazi yao kwamba ukitafuta mgongo na kiuno, nenda hapo. Hakuna maumivu ya kuchomwa kama ya chanjo. Kinachokuja ni uzito, ganzi, kitu kama kujaa, na daktari anaizungusha sindano taratibu mpaka useme umekisikia. Kwao hiyo ni dalili kwamba chi imefika. Vituo vya kuchoma vinavyokubalika kimataifa leo ni 361, na mwaka 1027 tabibu wa dola ya Song, Wang Weiyi, alisimamia kutengenezwa kwa sanamu mbili za shaba zenye matundu ya vituo vilivyojulikana wakati huo. Mtihani ulipofika, sanamu ilipakwa nta nje, ikajazwa maji ndani. Mwanafunzi akichoma penyewe, maji yalitoka. Ningependa mafundi wangu wa kontena wapimwe hivyo.

Wanaouza tiba hii kwa wageni hupenda kusema imeshuka bila kukatika tangu miaka maelfu. Chuku hiyo. Vitabu ni vya kale kweli, kile cha Mfalme wa Manjano kina miaka kama 2,000. Ila mwaka 1822 ikulu yenyewe iliondoa tiba ya sindano katika chuo chake cha matabibu. Sindano za zamani zilikuwa nene, na aliyezifanya nyembamba na kuvisogeza vituo mbali na mishipa ya damu ni Cheng Dan'an, karne ya 20, katika miaka ya 1930. Vyuo vinne vya kwanza vya serikali, Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, vilifunguliwa 1956. Mengi yanayofundishwa leo kama mfumo mmoja ulionyooka yalinyooshwa miaka hiyo.

Baada ya sindano ukaja moto. Majani makavu ya mmea uitwao ai, wa jamii ya pakanga, husagwa yakawa kama pamba, yakavingirishwa kama sigara nene, yakawashwa karibu na ngozi bila kuigusa. Joto linazama taratibu hadi unasinzia. Harufu yake, nisipige chuku, ni ya bangi kabisa, na niliporudi nyumbani mwenzangu alinusa kanga yangu akanitazama kwa jicho jipya. Kisha vikombe vya kioo: anawasha pamba yenye spiriti, anaipitisha ndani ya kikombe mara moja, anakibandika, nyama inapanda ndani kama andazi. Hapa hawachanji, ingawa ipo namna yao ya kutoa damu. Daktari alisema zambarau iliyokolea inaonyesha damu iliyokwama. Kwa macho yangu ni vilio vya damu vya kawaida, vimishipa vidogo vimepasuka chini ya ngozi kwa nguvu ya kunyonywa, na baada ya siku kumi vilikuwa vimefutika. Mtu akikwambia ile rangi ni sumu inayotoka, mwulize jina la sumu hiyo.

Kukwanguliwa kwa pembe ya nyati mpaka ngozi iwe nyekundu, guasha, nilikataa. Kukandwa, tuina, nilikubali kwa mikono miwili, na hakuna cha kusimulia isipokuwa kwamba nililala.

Dawa za kunywa zinahitaji ukurasa wao. Mganga wa Kichina haandiki mti mmoja, anaandika serikali. Kuna dawa mfalme inayopiga ugonjwa, waziri anayemsaidia, msaidizi anayepunguza ukali, na mjumbe anayewapatanisha wote, mara nyingi mzizi wa susi. Siku hizi hospitali inakuchemshia na kukufungia katika vifuko vya plastiki, unapasha moto, unaziba pua. Mimi nilitaka kuziona zikiwa nzima, nikaenda soko la Qingping. Kuna mijusi iliyobanikwa kwenye vijiti, tandu waliofungwa kwa mafungu, farasi wa baharini, majongoo bahari kwa magunia. Katikati ya ugeni huo pua yangu ikanipeleka nyumbani. Karafuu! Wao wanaziita uvumba wa msumari, kwa umbo lake, na wakuu wa enzi ya Han walizitia kinywani kabla ya kuzungumza na mfalme. Pembeni ulikuwepo ubani, uvumba wa maziwa kwa jina lao, na manemane, ambayo jina lake la Kichina limebeba ndani yake murr ya Kiarabu. Tumezoea kusema dawa za Kichina zimeingia kwetu. Pale sokoni ubani na manemane vilikuwa vitu vya upande wetu wa bahari vilivyoingia kwao zamani sana.

Kiuno kilipona? Kilipona, baada ya wiki tano na vipindi kumi. Hapo ndipo lazima niwe mwangalifu, kwa sababu maumivu mengi ya kiuno hupona yenyewe kwa muda kama huo. Jirani yangu wa stoo aliumia vile vile, akala dawa za maumivu, akarudi kazini kabla yangu. Wajerumani walijaribu kulipima jambo hili kwa wagonjwa 1,162 wa mgongo sugu, matokeo yakatoka 2007. Kundi moja lilichomwa kwenye vituo sahihi, la pili likachomwa juujuu mahali pasipo na kituo chochote, la tatu likapewa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi sita waliopata nafuu katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6, la pili 44.2, la tatu 27.4. Nilizisoma namba hizo mara tatu. Sindano zilisaidia kuliko matibabu ya kawaida. Lakini kuchoma penyewe na kuchoma popote hakukutofautiana kwa kiasi cha kujivunia. Sanamu ya shaba ingelia maji yake yote.

Hata hivyo kuna hadithi ya upande wa pili, na kila nyumba ya Tanzania imeilamba. Tarehe 23 Mei 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walipekua maandishi ya kale, wakajaribu majani ya mmea wa qinghao, mara yanafanya kazi, mara hayafanyi. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong wa karne ya 4, aliyeandika kwamba mwenye homa achukue konzi moja ya qinghao, ailoweke katika maji, aikamue, anywe maji yote. Hakuna mahali aliposema ichemshwe. Tu akawaza kwamba labda moto ndio unaoiua dawa, akatumia etha, kimiminika cha kutolea dawa kwenye majani, kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliua vimelea vyote katika panya. Artemisinini ikazaliwa, Nobel ikamfuata 2015. Mwishoni mwa 2006 Tanzania Bara ikaacha kutibu malaria kwanza kwa SP, dawa ya zamani, na kuanza kutumia ile tunayoiita mseto, vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, na dawa zote mbili zilizomo ndani yake zilitokana na mradi ule.

Kinachonivutia katika maneno ya Ge Hong ni kwamba hayana yini wala yangi. Ni konzi, maji, kamua, kunywa. Jicho la mtu aliyeona mgonjwa akipata nafuu akaandika. Nadhani hazina ya Wachina iko hapo, katika uangalifu wa watu waliotazama na kuandika kwa miaka mingi kupita kiasi. Falsafa ni kabati walilopangia hazina hiyo. Kabati ni zuri, lakini usinunue kabati ukadhani umenunua dawa.

Na kuandika peke yake hakutoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake kadhaa Ubelgiji waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene walianza kuharibika figo, kwa sababu mzizi mmoja wa Kichina ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana nao, na huo wa pili ulikuwa na sumu ya figo na saratani. Mmea wa asili unaua vizuri tu. Karibu na kwetu, mjomba wangu aliuziwa dawa za Kichina na duka moja la Dar, kopo halina orodha ya vilivyomo kwa lugha anayoisoma, akaambiwa sukari itakwisha kabisa. Akaacha vidonge vyake vya hospitali. Kidole gumba cha mguu alikipoteza miezi michache baadaye. Daktari wangu wa Guangzhou nilipomsimulia alivua miwani, akasema jambo ambalo kijana wa Unguja alikataa kulitafsiri pia, safari hii kwa sababu nyingine.

Wanyama nao. Ngozi ya punda huchemshwa ikawa gundi ya kuongeza damu, na punda wa China hawatoshi, ndiyo maana punda wa Afrika Mashariki walianza kutoweka mazizini, mpaka Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kupiga marufuku kuwachinja kwa ajili ya ngozi. Mwanamke wa kijijini aliyeibiwa punda wake anachota maji kwa kichwa. Hiyo haimo katika mizani ya joto na baridi ya mtu yeyote.

Kipindi cha mwisho nilimweleza daktari habari za bibi na pembe yake. Nilichora kwa kalamu nyuma ya risiti: pembe, tundu, nta. Akainuka ghafla, akatoka, akarudi na kitabu kizito, akanionyesha alama moja ya maandishi yao, akaigusa kisha akagusa mchoro wangu. Alama ile ni pembe. Kuumika, jina lake la zamani kwao ni njia ya pembe. Ipo katika maandishi ya hariri yaliyofukuliwa Mawangdui, katika kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Kabla ya vioo, kabla ya mianzi, walikuwa wakibandika pembe za wanyama.

Usiku nikampigia mama nimweleze. Alinyamaza kidogo, nikasikia jogoo aliyekosea saa akiwika nyuma yake.

"Basi walijifunza kwetu," akasema.

"Mama, hiyo chuku."

"Ndiyo. Si ndiyo tunayoizungumza?"